Kiganja cha Telesfori

Tetemeko lililomuua Telesfori liliacha ufa uliokomea nyuma ya nyumba yake, upande wa kusini. Mjane wake, Sekunda, aliuziba kwa udongo. Masika haya ukatokea mwingine, upande wa kaskazini.

“Mama, nyufa hizi zinatafutana,” alisema mpima ardhi. “Zikikutana zitapasuka kama ufa mmoja, na tetemeko litashinda lile. Nyumba yako iko katikati. Hama leo.”

“Na yeye nimwache na nani?” Sekunda alitazama sakafu, pale Telesfori alipobonyeza kiganja kwenye saruji mbichi walipohamia.

Jioni alifunga mizigo. Alipoinama kukigusa kiganja kile, mstari mwembamba ulikuwa umekipasua katikati, na humo ulitoka upepo wa vuguvugu, kama mtu anayepumua. Sekunda hakuuondoa mkono.