Jicho la Kushoto

Shekuwe, fundi wa saa, aliunda kamera ya macho mawili na mtambo wa kuonyesha picha zake ukutani, akampiga bintiye Salha picha za sinema kabla ya mauti kumfika. Alasiri moja alimvisha mkewe miwani ya mtambo huo, akavaa yake, akapiga bismillahi, akauwasha. Salha akatoka ukutani, amenyoosha ua la asumini.

“Lipokee, Mama Salha! Mwanao huyo, amekufikia magotini.”

“Namwona ukutani tu, Baba Salha, kama picha ya kalenda.”

“Ukutani? Hebu tazama kwa macho yote mawili.”

“La kushoto lilizimika kwa kumlilia. Nilikuficha, nisikuongezee msiba.”

Shekuwe akatambua kuwa mtambo wake, uliotaka macho mawili ndipo picha itokeze, haukumfaa mwenye jicho moja. Akafumba lake la kushoto. Salha akarudi ukutani, mkono ungali umenyooshwa.