Ondoa Diski ya Zamani

Kosa lilikuwa neno moja, na neno lenyewe alilichagua yeye.

Alikuwa mwandishi wa miongozo ya mafundi wa seva, wale wanaotunza mafaili ya kampuni za watu. Kazini walimwita Bi Koma kwa jinsi alivyogombana na kila sentensi. Lakini kwenye ukurasa wa diski zilizojaa aliandika, "Ondoa diski ya zamani," akimaanisha itenganishwe na seva na kuwekwa kando. Mwenzake alimwonya kwamba neno hilo ni la hatari, maana kwenye skrini kuna kitufe kimeandikwa "Ondoa", na hicho kinafuta. Bi Koma akajibu kwa jeuri kwamba fundi mwenye akili zake ataelewa.

Fundi wa ghala moja hakuelewa. Alisoma, akatii, akabonyeza. Zilizofutika ni rekodi za kamera, na ghala lenyewe ndimo alimofanyia kazi shemeji yake Bi Koma.

Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa dereva wa foklifti, akipanga mizigo kwenye rafu ndefu. Rafu moja ilimwangukia kuli na kumvunja nyonga, na bosi alidai ni foklifti iliyoigonga. Shemeji alikataa katakata: rafu ilianguka yenyewe, yeye alikuwa mbali, kamera ingemsafisha. Kuli mwenyewe, kitandani hospitalini, hakukumbuka kitu. Kikao kilikuwa kimeshapangwa kuamua kama shemeji abaki kazini au aende zake, na sasa hakuwa na cha kujitetea ila mdomo wake.

Usingizi ukamruka Bi Koma. Hata chakula hakikupita. Kila alipokaa mezani alijiona ndiye anayewanyang'anya tonge watoto wa dada yake.

Alikwenda kuwaomba radhi, machozi yakimlengalenga. Shemeji hakumkaripia hata kidogo. Alimmiminia chai, akamwambia yeye ni binadamu tu, kisha akamuuliza kama kweli kitu kikifutwa vile hakirudi tena. Bi Koma akajibu kwamba hakirudi. Shemeji akashusha pumzi ndefu. Aliyemuumiza zaidi ni dada yake, ambaye alikuwa akikunja nguo bila kuinua macho.

"Yaache yapite, mdogo wangu," alisema.

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Hakuyaacha. Alipekua miongozo ya zamani, iliyotelekezwa na waandishi waliokwisha kuhama, hadi akapata ukurasa kuhusu kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ulikuwa aibu tupu. Hatua zilikuwa zimerukwa, amri nyingine zimepitwa na wakati, na onyo kubwa kuliko yote, kwamba diski isiandikwe kitu kipya, limetupwa mwisho kabisa. Akaokota diski kuukuu ofisini, akaifuta makusudi, akajaribu kila hatua kwa mkono wake mwenyewe. Onyo akalipandisha juu. Palipoandikwa "ondoa" akaandika "tenganisha". Safari hii hakumwachia fundi kitu cha kukisia.

Akautuma ukurasa ghalani. Jioni fundi alimpigia simu, sauti imechangamka. Rekodi zimerudi zote, nzima nzima, na bosi ameshapelekewa nakala. Akamuuliza kama naye angependa kuziona. Bi Koma alisema za nini, yeye anachotaka ni kufika kwa dada yake, na tayari alikuwa anatafuta viatu chini ya meza.

Aliwakuta wote wawili sebuleni.

"Shemeji, zimerudi," akasema, bado anahema. "Rekodi zote. Njia nimeitafuta mwenyewe. Bosi anaziangalia sasa hivi."

Akangoja wamkumbatie. Shemeji alirudi nyuma taratibu, mkono ukipapasa kiti, akaketi. Dada yake akaenda kufunga mlango.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "nani alikutuma?"