Mara ya Kumi na Mbili

Siku hizi ujuzi huhamishwa kutoka kichwa hadi kichwa, na anayeutoa husahau kwamba aliwahi kuujua. Aikande hakutaka ujuzi wa kupewa. Kwenye theluji iliyotengenezwa kwa mashine pale mlimani Kibo alijifunga miguuni mbao za kutelezea, akakunja magoti, akakutanisha ncha za mbele zimpunguzie kasi. Akaanguka mara kumi na moja. Ya kumi na mbili, akasimama palepale alipokusudia.

"Umeona, Ndeshi?" alimwita binti yake, aliyekuwa akiteleza kwa madaha.

"Huu ujuzi ulinipa wewe, mama."

Aikande akakumbuka kuwa nyumbani mtori wa ndizi hupikwa na Ndeshi, wala hakujua tangu lini.

"Tukirudi, niandikie vyote nilivyokupa."

"Daftari halitatosha, mama."

"Basi naanza na hiki," akasema Aikande, akageuka kupanda tena.