Siku ya Kuamshwa Machano

Halmashauri ya kisiwa ikikosa fedha za kumlipa mstaafu humlaza usingizi, asile wala asizeeke, mpaka fungu lake lipatikane. Wenyewe wanaita kumtunza. Machano, fundi wa pampu za maji, alilazwa wiki ile ile aliyostaafu. Mkewe Zuwena hakulazwa, kwa kuwa yeye hakuwa akiidai halmashauri chochote.

Kila mwisho wa mwezi alikwenda ofisini kumuulizia mumewe. Makarani walibadilika, jibu likabaki lile lile: "Vuta subira, dada." Miaka ikapita, ikawa, "Vuta subira, mama." Hatimaye karani mmoja akamwambia, "Bibi, fungu limetoka. Njoo umchukue mzee wako."

Zuwena akapaka hina, akajifunga kanga aliyonunuliwa na Machano, akachomeka asumini kwenye mvi zake.

Machano alipofumbua macho, ndevu zake zilikuwa bado nyeusi. Alimwona bibi kizee kando ya kitanda, akajiinua upesi kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Zuwena hakuja?"

Zuwena akaivuta kanga, akaziba uso.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Alikungoja sana."