Gauni la Mzazi

Kasiani aliliweka gauni kuukuu mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayetua sufuria ya moto, kisha akageuka akatazama ukuta.

"Shikamoo, mama. Nataka gauni la mzazi. Ukubwa ni huohuo."

Maryambai akasimamisha cherehani. Miaka ishirini alikuwa akishona barazani mwa duka la mumewe, Karmali, pale Temeke, na wateja wake wote walikuwa wanawake. Mwanamume aje mwenyewe kuagiza nguo ya kunyonyeshea? Hakuwahi kumwona, seuze karani wa bandari mwenye tai na kalamu mbili mfukoni.

"Marahaba, mwanangu. Hongera! Kajifungua mtoto gani?"

"Wa kiume. Jumapili arobaini inatimia, na siku hiyohiyo mtoto anabatizwa."

"Na mkeo, mbona hakuja kupimwa?"

Kasiani akakohoa. "Mzazi bado yuko ndani, mama."

Akanyoosha mkono akagusa jora la nailoni ya waridi, iliyokuwa ikimetameta kuliko vitambaa vyote dukani.

"Nailoni? Januari hii?" Maryambai akauondoa mkono wake. "Unataka kumvika au kumpika?"

"Basi nichagulie wewe. Katoka Sumbawanga kwenye baridi. Tangu joto lianze, anashinda miguu yake imo kwenye beseni la maji. Lakini na uzuri uwepo, mama. Asionekane kama kajitanda shuka."

Hapo Maryambai akasahau kazi zake zote. Aliteremsha melimeli ya bluu yenye maua madogo meupe, akaipuliza ikapepea.

"Hii inapitisha upepo, na tone la maziwa likidondoka linapotelea kwenye maua. Kola nitaifanya pana. Chini ya kola marinda mawili, na ndani ya kila rinda mpasuo wenye vifungo vya kubana. Mtoto akilia anaingia, akishiba anatoka, na padri hajui kitu!"

"Hiyo hiyo," alisema Kasiani, jasho likimtiririka.

"Sasa niambie. Tangu gauni hili kuukuu lishonwe, kifua kimeongezeka kiasi gani?"

Masikio ya Kasiani yakashuka kama ya mbuzi aliyenyeshewa. "Hayo mie siyajui."

"Huyajui vipi?"

"Sijatazama."

"Mnakaa nyumba moja, na hujatazama?"

"Kwetu hatutazami, mama."

"Na huyo mtoto alikuja kwa posta?"

Nyuma ya kaunta, Karmali alipaliwa na chai. Kasiani akaipangusa shingo kwa leso. "Wewe acha nafasi ya kutosha," alisema. "Na nakuomba, usikosee. Heshima yangu yote iko kwenye gauni hili. Likiharibika, kwao mie sikanyagi tena."

Akaondoka mbio mbio, hata kwaheri akaisemea njiani.

Maryambai akamgeukia mumewe. "Umesikia? Watoto wanne nimekuzalia, hata kifungo hukuniletea. Mwenzio anamstahi mkewe hata kumtazama anaona haya!"

"Ningekuwa sitazami," alijibu Karmali, "hao wanne ungewapata wapi?"

Kwa siku nne Maryambai hakushika kazi nyingine. Marinda aliyafumua mara mbili. Usiku wa kuamkia Jumapili alilitundika gauni mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama, akajiambia kwamba akifa leo, basi na azikwe nalo karibu.

Asubuhi mlango ukagongwa. Kasiani aliingia na suti yake, kofia mkononi, na nyuma yake msichana aliyempakata mtoto mchanga mwenye kofia nyeupe ya kufuma.

"Shikamoo, mama. Mie ni Yuliana, mke wa karani."

Yuliana alikuwa mwembamba kama ufito. Maryambai akamtazama yeye, akalitazama gauni mlangoni. Kwenye gauni lile wangeingia Yuliana wawili, na nafasi ya kupunga hewa ingebaki.

"Karani!" alipiga ukelele. "Gauni gani lile uliloniletea nipimie? Kengele ya misa inakaribia kulia, na mie nimeshona turubai!"

Kasiani akafungua kinywa ajibu. Lakini macho yake yalipita dirishani, yakaona kitu barabarani, na kinywa kikajifunga. Alijiziba uso kwa kofia, akakatiza sebuleni, akapita jikoni, akaruka sinia la mchele, akatokomea uani.

"Mwoga wee! Kimbia!" Maryambai alimpigia kelele. Pini zikawa tayari midomoni, mkasi mkononi. Kupunguza mabega, kubana ubavu, kukunja pindo: labda nusu saa. Labda saa nzima. Jina lake la miaka ishirini lilikuwa linamomonyoka mbele ya macho yake, na kana kwamba hayo hayatoshi, mtoto naye akaangua kilio.

"Keti, mwanangu, keti," alimwambia Yuliana kupitia kwenye pini. "Mnyonyeshe kwanza atulie, nami nianze mabega."

Yuliana akamtazama Maryambai. Akamtazama mtoto. Akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mie? Nimnyonyeshe nini?"

Kabla Maryambai hajajibu, sauti nzito ya mwanamke ikaita kutoka barazani.

"Yuliana! Mkwe wangu ameshapita? Basi nifungulie nivae gauni langu, nimnyonyeshe mdogo wako."