Hisabati za Mwalimu Nyamizi

Mwanamke ambaye Mwalimu Nyamizi hakumjua alipiga hodi kwake asubuhi. "Mimi mama Kabula. Binti anasema ulimwahidi hisabati."

Shule yao iliongoza mkoa, kwa kuwa mashine ilihamishia maarifa ya walimu vichwani mwa wanafunzi. Yaliyohama hayakurudi. Changamoto ilikuwa walimu kukaukiwa maarifa. Mpango wa shule ulikuwa kuajiri wengine.

"Nimebakiwa na hisabati chache tu, mama. Ndizo ninazompimia mwanangu dawa."

"Basi baki nazo, mwalimu. Nitamwelewesha Kabula."

"Mtihani ni kesho. Nilimwahidi."

Wakaenda shuleni pamoja, na Kabula akapewa zote zilizobaki.

Jioni Nyamizi alimbeba mwanawe na chupa ya dawa hadi kwa jirani.

"Shoga," alisema, "nusu kijiko ni kiasi gani?"