Kidole Gumba

Alibonyeza mara tatu, ingawa baiskeli iliyopita ilikuwa moja.

Mashine ya kuhesabia ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, na kila alipoibonyeza kwa kidole gumba tarakimu ilisogea. Ofisi ya barabara ilimweka kwenye benchi la bustani, kando ya njia ya baiskeli, kwa siku kumi na nne. Mkuu wake alimwambia ahesabu anachokiona, jioni aandike jumla na kutia sahihi. Jumla hiyo ni ya nini hakumwambia, naye hakuuliza.

Waliomwambia ni watu wa hapohapo. Mlinzi wa bustani alieleza kwa uhakika, utadhani yeye ndiye aliyeandika waraka, kwamba baiskeli zikionekana chache, vizuizi vinavyoyazuia magari kuingia njiani vitang'olewa na magari yatarudi. Mtunza maua naye alisema amesikia hivyohivyo, ila yeye alisikia kwa mlinzi.

Siku nne za mwanzo alihesabu kwa haki. Baiskeli hazikufika mia nne kwa siku. Siku ya tano baba yake akapita.

Baba yake alikuwa karani wa mizani sokoni kwa miaka thelathini na minane. Watu walimbandika jina la Sawasawa, kwa kuwa hakuna gunia lililotoka mikononi mwake likiwa limepunjwa. Kiharusi kilipomlegeza mguu, muuguzi alimshauri apande baiskeli ya magurudumu matatu. Barabara kuu aliijaribu mara moja tu. Gari lilimpita karibu mno, akaishia mtaroni. Njia hii ya bustani ndiyo iliyomwinua. Ilipita nyuma ya ukuta wa nyumba yake, na alitoboa kigeti pale, akawa anatoka chumbani hatua nane tu yuko njiani. Sasa alikuja jasho likimtiririka, anacheka peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nihesabu vizuri. Mimi ni mmoja."

Alipokata kona, binti yake alibonyeza mara tano.

Baada ya hapo mkono ukawa mwepesi. Alilihesabu toroli la mtunza maua, maana nalo lina gurudumu. Alikihesabu kigari cha mtoto mchanga, kisha akamhesabu na mtoto. Mpimaji wa ofisi alipokuja na utepe wake kupima upana wa njia, binti alijua wanapimia magari. Jioni hiyo aliandika elfu moja na mia mbili, akatia sahihi.

Aliona aibu. Alipokuwa darasa la tatu alirudi nyumbani na penseli ya mwenzake. Baba alimshika mkono, wakatembea kwenye mvua mpaka kwa mwenye penseli, na baba akasimama mlangoni hadi binti alipolisema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana siku zile, kila alipoiona baiskeli ya magurudumu matatu inakuja, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Jumapili hakwenda kula kwa baba, alisema ana mafua. Baba akampelekea tangawizi, na hiyo tangawizi hakuweza kuinywa. Lakini kila asubuhi alijiambia heri yeye aone haya kuliko baba arudi mtaroni, na kidole gumba kikaendelea na kazi.

Mwezi na nusu ukapita. Vizuizi vilikuwa palepale, hakuna gari lililoingia. Baba alipompigia simu na kumwambia aje, alishusha pumzi. Njiani aliamua atamwambia yote. Alikuwa amechoka kumkwepa mtu aliyemfunza kutazama watu usoni.

Majirani wa baba walikuwa wamekaa kwenye vibaraza vyao. Aliwasalimu, wakaitikia kwa shingo upande. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, baiskeli kando yake, barua ya ofisi ya barabara imekunjwa mfukoni. Kabla binti hajafungua mdomo, mzee alimpisha nafasi akae.

"Njia yetu haiguswi, mama. Magari hayakuwa hata kwenye mpango. Walitaka kujua kama njia inatosha."

"Na inatosha?"

"Haitoshi. Baiskeli zinazidi elfu moja kwa siku, ndivyo walivyoandika. Wanaipanua mita sita, upande huu wetu."

Binti alitazama ukutani. Juu ya kigeti palikuwa na alama ya rangi nyekundu, na nyingine kwenye ukuta wa chumba cha kulala, na nyingine kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Baba alisema wote watahamishiwa vyumba vipya, ng'ambo, kando ya barabara kuu. Alilisema hilo polepole, mkono wake ukiupapasa ule mguu mbovu.

Majirani walitaka kupinga, aliendelea. Walisema wanakaa madirishani kutwa na hawajawahi kuona hata baiskeli mia nne. Walimletea yeye kwanza barua yao ya kupinga, kwa kuwa bila jina lake ofisini hakuna atakayewasikiliza. Siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa jana.

"Ukasaini, baba?"

"Nilishika kalamu. Halafu nikaisoma tena ile hesabu iliyokuja na barua ya ofisi, nikaona chini yake sahihi yako." Alimtazama binti yake usoni, bila kinyongo. "Nikawarudishia karatasi yao. Nikawaambia, aliyehesabu ni mwanangu. Basi ni sawasawa."